Swali la Mkwe Wangu Mahakamani

Jumatano, mwezi wa pili. Ipyana.

Joto la leo ni la kulalamikia serikali. Hakuna jani linalotikisika migombani. Asubuhi, ukitazama upande wa ziwa, kungu walikuwa wameinuka, wale wadudu wadogo wa majini, wamesimama juu ya maji kama nguzo za moshi. Mgeni angedhani kuna kijiji kinaungua. Hakuna kinachoungua. Wanaoana tu, halafu wanakufa.

Mahakama ya mwanzo leo imetamka kwamba mwanangu wa kwanza, Ambokile, ni marehemu. Imeandikwa na kugongwa muhuri. Nimerudi nyumbani na koti langu la msibani, nimekaa, sijui nilie au nile.

Nimekula.

Kwa mnaoingia kwenye blogu hii mara ya kwanza: mimi ni mzee, shule niliiacha darasa la nne baada ya mwalimu kuiacha kabla yangu, na kawaida humu naandika habari za mchele, mbuzi wa jirani na wachungaji wanene. Leo mtanisamehe. Majina ya watu nimeyabadilisha. La kwangu sijaliandika kabisa, na mkisoma mpaka chini mtaelewa kwa nini.

Ambokile alikuwa mfanyabiashara wa kuvuka. Anapeleka mchele wetu Karonga, anarudi na vitenge, sabuni, na uongo mwingi wa kutuchekesha. Siku za kawaida alipita Njisi, kwenye geti la mpakani, kama watu wenye akili zao. Siku ambazo hakutaka kuonana na watu wa forodha alipita majini, maana majini hakuna geti. Siku hiyo alipita majini. Upepo wa mwera ukavuma, mtumbwi ukapinduka karibu na pale mto Songwe unapoingia ziwani. Walikuwa wawili. Mwenzake alikumbatia dumu tupu mpaka maji yakamtupa mchangani. Ambokile hakutupwa popote.

Tulitafuta. Tulitembea ufukweni mpaka upande wa Malawi, na ndugu zetu wa huko wakatafuta pamoja nasi. Tulipata gunia la mchele uliovimba. Mwili hatukuupata. Tukalia msiba bila jeneza, watu wamekaa kuzunguka mahali ambapo hapana kitu, na mchungaji akahubiri kama mtu anayetafuta pa kuweka macho akakosa.

Tangu hapo kijiji kiligawanyika. Kuna waliosema amekufa. Na kuna waliosema yuko Karonga, ameoa, amefungua duka, amenenepa.

Mimi nilikuwa pande zote mbili. Asubuhi amekufa, jioni yuko Karonga. Mpaka leo nikiona mgongo wa mtu mrefu anayetembea akiutupa mguu wa kushoto kwa nje, naacha maneno katikati. Stendi ya Kyela kuna kijana wa kupakia mizigo ana kisogo cha mwanangu. Nimeshamfuata mara nyingi kwa visingizio vya kijinga. Naulizia magari ya kwenda mahali ambapo sina mpango wa kwenda. Akigeuka, uso ni wa mtu mwingine, na kila mara nashangaa kama ndiyo mara ya kwanza.

Sasa shamba.

Ni shamba la kakao, na migomba ndani yake, nililompa Ambokile alipooa. Alipopotea, mkewe akaendelea kulilima na kulisha watoto kwa hilo hilo. Huyo ni mkwe wangu, Mama Lugano. Halafu mdogo wangu Asajile, tumbo moja, ziwa moja, aliingia humo msimu mmoja kusaidia kuvuna, akasahau kutoka. Mama Lugano alipouliza kwa adabu, Asajile akajibu kwamba mwenye mali yupo hai Karonga, na yeye anamtunzia tu mpaka atakaporudi.

Mimi nilichukua fimbo. Mwenyekiti wa kitongoji alinikuta njiani akanirudisha. Akaniambia, mzee, ukimpiga hiyo ni jinai, utashitakiwa na Jamhuri. Ukienda kudai, hayo ni madai, na Jamhuri itakaa pembeni. Nikamuuliza Jamhuri inamjua Asajile vizuri kiasi gani mpaka imgombee. Hakucheka. Kikao cha ukoo kikakaa, kikanywa chai, kikagawanyika nusu kwa nusu, kikafungwa kwa sala.

Ikabaki mahakama.

Mimi nilidhani mahakama ni mahali unapokwenda kusema fulani kanichukulia, na fulani anaambiwa rudisha. Kumbe ni nyumba ya vyumba vingi, na ufunguo wa chumba kimoja umefungiwa ndani ya kingine. Mama Lugano hawezi kumdai Asajile shamba, kwa sababu shamba si lake, ni la mumewe. Ili adai kwa niaba ya mumewe lazima kwanza ateuliwe msimamizi wa mirathi. Ili kuwe na mirathi lazima kuwe na marehemu. Na ili kuwe na marehemu lazima mtu asimame mbele ya hakimu athibitishe kwamba Ambokile amekufa.

Anayedai jambo ndiye anayelithibitisha. Hivyo ndivyo karani alivyotueleza, na alieleza vizuri. Hakimu hakuwepo ziwani siku ile. Hakimu hajui kitu. Anajua tu kile mnachomletea mezani, na kile msichomletea ni kama hakikutokea duniani.

Mama Lugano akafungua maombi. Tangazo likabandikwa ubaoni, mwenye pingamizi ajitokeze. Asajile akajitokeza siku hiyo hiyo, amechana nywele.

Sikilizeni jinsi mambo yalivyokaa. Katika watu wote wa bonde hili, mtu pekee aliyekuwa tayari kusimama mahakamani na kutetea kwamba mwanangu anapumua alikuwa Asajile, mwizi wangu. Na mimi baba mzazi nikawa shahidi wa upande unaosema amekufa. Nilitamani kumnyonga Asajile na kumbusu, kwa pamoja, kwenye shingo ile ile.

Jambo jingine lazima niwaeleze wa mbali. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe. Tunaita ukutila. Akisikia nakuja anaingia migombani mpaka nipite. Hakai chumba nilichomo, hanitazami, hasemi nami, na jina langu haliingii kinywani mwake. Siku hizi makanisa yamelegeza, na wake wa siku hizi wanakuja kumpa baba mkwe mkono kama wanasiasa. Lakini Mama Lugano alilelewa na bibi yake, na bibi yake alikuwa wa zamani kweli. Tangu aolewe nyumbani kwangu sijawahi kuambiwa neno na yule mtoto. Naijua sauti yake kwa mbali tu, akiwaita watoto. Akitaka kitu kwangu anamwambia mke wangu, mke wangu ananiambia, najibu, jibu linarudi njia ile ile kama barua ya posta.

Kwa hiyo hata ombi la kuwa shahidi lilikuja na mke wangu, jikoni, huku anachambua mchele. Akasema, "Mkweo anauliza kama utaweza."

Nikasema nitaweza. Nilidhani kuweza ni kusimama na kusema.

Tarehe zikapita. Mara ya kwanza hakimu alikuwa semina. Mara ya pili Asajile aliumwa tumbo, ugonjwa uliopona njiani kurudi nyumbani. Mara ya tatu tulifika wote, tukapongezana, karani akatoka kusema jalada limekwenda wilayani. Kila mara tunavaa, tunakaa, tunasikia "imeahirishwa", tunarudi. Nikaanza kupata starehe katika kuahirishwa. Kila tarehe mpya ilikuwa muda kidogo zaidi ambao mwanangu hajafa kisheria.

Hilo sikumwambia mtu.

Wiki mbili zilizopita ikasikilizwa kweli. Shahidi hakai ndani kusikiliza wenzake, asije akatengeneza maneno yake yafanane na yao. Nikawekwa kwenye benchi la nje, ukutani. Mle ndani sauti zinapanda na kushuka, maneno hayashikiki. Nilikaa pale na mawazo yangu, kampuni mbaya. Nilisikia mtu anacheka barabarani upande wa Bondeni kicheko cha Ambokile, kile cha kuvuta pumzi ndani. Sikugeuka. Nilijua nikigeuka patakuwa na mtu mwingine, na siku hiyo nilitaka angalau kicheko kibaki chake.

Yaliyotokea ndani kabla yangu nilisimuliwa na mke wangu, aliyekaa nyuma na wasikilizaji. Mwenzake Ambokile wa mtumbwini alieleza habari za mwera na dumu. Alisema alimwona Ambokile anazama mara mbili na kuibuka mara moja. Halafu Asajile akaeleza habari za Karonga. Hakimu wetu ni mama kijana, ametoka huko juu kwenye lile ziwa jingine kubwa, Kiswahili chake kimenyooka kama kamba ya fundi mwashi. Alimuuliza Asajile kama alimwona Ambokile kwa macho yake. Asajile akasema aliambiwa. Na nani? Na mtu wa sokoni. Mtu huyo yuko wapi? Naye amesafiri. Hakimu akaandika kitu kifupi sana.

Kisha akamuuliza Mama Lugano shahidi wake anayefuata ni nani. Mama Lugano akasema ni yule aliyemzaa mume wake. Hakimu akataka jina. Mama Lugano akanyamaza. Hakimu akarudia, na sauti ikaanza kuwa kali, maana kwa macho ya mtu wa mbali huyu ni mwombaji asiyemjua hata baba wa marehemu wake. Asajile akaruka hapo hapo. Akasema mheshimiwa, ndiyo muone, hata jina la ukoo alikoolewa halijui.

Asajile. Ambaye mke wa mwanawe mwenyewe anapita mbali naye kwa staili ile ile.

Kuna wazee wawili wanaokaa na hakimu kumshauri. Mmoja alikuwa anashauri huku amefumba macho. Mwingine, mwenyeji wa huku, akainama sikioni kwa hakimu akamweleza. Hakimu akaweka kalamu chini. Akamwambia karani atoke aite shahidi kwa jina.

Nikaitwa. Nikaulizwa dini, nikasema Mkristo, lakini si kila Jumapili. Yule mzee aliyefumba macho akacheka bila kuyafumbua. Nikaapa na Biblia mkononi kwamba nitasema kweli tupu.

Hapo ndipo nilipojua tulichofanya.

Mahakama ya mwanzo, kama huna wakili, shahidi wako unamuuliza mwenyewe. Sisi hatukuwa na wakili. Hakimu akamwambia Mama Lugano, simama, muulize shahidi wako maswali. Na mimi niko kizimbani, hatua chache tu kutoka kwake. Tulihesabu mashahidi, tulihesabu nauli, tulishona hata koti langu kifungo. Hakuna kati yetu aliyefikiria kwamba yeye atatakiwa kuongea na mimi. Ni kosa ambalo sisi tu tungeweza kulifanya. Hata mke wangu, mbebaji wa maneno yetu miaka yote, alikuwa amesahau kwamba pale hataruhusiwa kuyabeba.

Alisimama. Kitenge kilikuwa kichwani, ameshusha mpaka machoni. Goti moja lilikuwa limeshaanza kujikunja lenyewe kwa mazoea. Hakimu akasema amtazame shahidi. Yule mzee mwenyeji akanong'ona tena. Hakimu akafikiri kidogo, akamwambia anaweza kutazama dirisha.

Akageukia dirisha. Mimi nikabaki natazama kisogo chake.

Halafu nikasikia sauti, ndogo, inatoka kama mtu anayepita chini ya waya.

"Tata. Lile shamba ulitupa wewe?"

Tata ni baba. Hakuwahi kuniita. Nikajibu ndiyo, nililitoa mimi, kwa mkono wangu, na mipaka yake niliipanda mimi. Karani akaandika. Nilidhani imetosha. Nilitaka iwe imetosha.

Mabega yake yakapanda kidogo chini ya kitenge.

"Mwanao amekufa?"

Mimi ni mtu wa kutania. Nimetania kwenye misiba, nimetania mbele ya askofu, nilitania daktari akinishona. Nilitafuta mzaha wowote kinywani nikakuta pakavu. Yule mtoto alikuwa amevunja yote aliyofundishwa na bibi yake ili apate maneno mawili kwangu, na hayo ndiyo mawili aliyoyachagua. Nikaelewa pia kwamba hakuuliza kwa ajili ya mahakama tu. Alikuwa anataka kujua. Miaka yote ile hakuwa na njia ya kuniuliza.

"Amekufa, mwanangu," nikasema.

Akasema, "Ndaga, tata." Yaani asante, baba. Akakaa.

Ningemalizia hapo ningekuwa shahidi mzuri. Lakini upande wa pili una haki ya kumhoji shahidi wako, hiyo ndiyo mahakama. Asajile akasimama, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Akaniuliza kama mwili niliuona. Nikasema sikuuona. Kama kaburi lipo. Nikasema halipo, na yeye anajua halipo, kwa sababu kwenye msiba usio na kaburi alikula nyama kuliko waliochimba makaburi. Hakimu akaniambia nijibu ninachoulizwa.

Halafu Asajile akarusha tu, kama mtu anayerusha jiwe kwenye mwembe asioujua kama una embe.

"Na hujawahi kupata habari zake, kaka? Hata simu?"

Mimi sijui kwa nini niliongea. Si kwa sababu ya Biblia, msinipambe. Nadhani ni kwa sababu kile kisogo kilikuwa bado kimeelekea dirishani, kinasikiliza.

Nikasema simu ilipigwa mara moja. Mwaka uliofuata msiba, mchana, nikiwa naanika kakao. Namba ya Malawi. Nikasema haloo, kimya. Si kimya cha mtandao. Kimya cha mtu. Nilisikia pumzi, na nyuma ya pumzi jogoo.

Asajile mdomo ulibaki wazi. Hakutegemea embe lidondoke.

Hakimu akauliza, "Ulifanya nini?"

"Nilisema, kama ni wewe, njoo kwa mkeo na wanao. Kama huji, usinipigie tena."

"Halafu?"

"Akakata. Hajapiga tena."

Hakimu akauliza kama nina hakika aliyepiga alikuwa Ambokile. Nikasema sina hakika ya kitu chochote, mheshimiwa, isipokuwa jogoo. Akauliza, sasa kwa nini nimeiambia mahakama amekufa. Nikamjibu hivi: kama maji yalimchukua, amekufa. Na kama ndiye aliyekuwa anapumua kwenye simu ile, alisikia nilichosema, akachagua. Yote mawili kwangu ni kifo. Lipi ni la kisheria, ninyi ndio mliosoma.

Nilishuka kizimbani. Sikumtazama Mama Lugano. Kwa mara ya kwanza niliushukuru ule mwiko.

Tulirudi nyumbani, mimi na mke wangu. Mjue kwamba na yeye ndipo aliposikia habari ya simu, pale mahakamani, kama mpita njia. Mama aliyemzaa. Sikuwa nimemwambia. Nilijiambia namwepusha, kweli ni kwamba niliogopa uso wake. Aliniwekea ugali, akasimama.

"Alikuwa anapumuaje?" akauliza.

Nikasema kama mtu aliyepanda mlima. Akafikiri. Akasema Ambokile hakuwa na pumzi za hivyo, akaenda jikoni. Baadaye kidogo nikamsikia kule peke yake, anahema. Anahema, anaacha, anahema kwa namna nyingine. Anajaribu.

Wiki mbili nzima nimekaa na maneno yangu mwenyewe. Usinipigie tena. Ambokile hakuwahi kunitii tangu atambae. Nilimkataza mpira, akacheza. Nilimkataza majini, akapita majini. Kama alikuwa yeye, basi hilo ndilo agizo pekee la baba yake alilolishika maishani.

Leo hukumu. Hakimu amesoma polepole, na nitasema haki yake, amesoma vizuri. Amesema mtumbwi ulipinduka na shahidi aliona. Amesema sheria ina miaka yake ya kusubiri mtu aliyepotea, na sisi tumeshaipita. Amesema wale ambao angewapa habari kama yu hai ni baba, mama, mke, na hakuna aliyepata habari. Maneno ya mtu wa sokoni aliyesafiri ameyaweka kando. Kuhusu simu, amesema ukimya si habari, na mahakama haiwezi kujenga uhai wa mtu juu ya simu isiyosema kitu. Pingamizi limetupwa. Mama Lugano ameteuliwa msimamizi wa mirathi ya marehemu. Asajile akiona hajaridhika, rufaa ipo wilayani, na siku zake zimewekwa. Na endapo huyo aliyetajwa kuwa marehemu atajitokeza, uteuzi unaweza kutenguliwa.

Endapo atajitokeza. Wameliacha neno hilo mlangoni kama watu wanaoacha taa.

Nje, Asajile alinifuata. Nilidhani amekuja kutukana, nikajiandaa kwa furaha. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Kaka," akasema, "mimi ningeshinda, na wewe ungeshinda. Mwanao angebaki hai."

Nikamwambia basi ampandishe bodaboda huyo mtu wa sokoni, amlete Ambokile hapa, na mimi mwenyewe nitalipalilia lile shamba kwa ajili yake, Asajile, mpaka nife. Kisha akasema kesho atatoa watu wake shambani. Akaondoka, na kwa mara ya kwanza niliona anatembea kama baba yetu. Nilitaka kumwita.

Ningependa kuwaambia hapa ndipo ilipoishia. Mama Lugano kapata shamba, watoto watakula, mzee karudi kwa mbuzi wa jirani.

Lakini jioni hii mke wangu ametoka kwa mkwe wetu. Walipika pamoja, hawakuimba. Amekuja na ujumbe, kwa njia yetu ile ile ya zamani, maana mambo ya mahakama yameisha na ukutila umerudi mahali pake. Amesimama mlangoni, hakai.

"Mkweo anashukuru," akasema. "Na anaomba ile namba."

Ninayo. Haijatoka kwenye simu hii hii ninayoandikia. Niliihifadhi bila jina, nikaweka nukta tu. Na sasa nitawaambia jambo ambalo hakimu hakuniuliza, ndiyo maana sikusema. Mimi nilipiga. Baada ya siku ile nilipiga. Nilipiga nikiwa shambani, nikiwa kilabuni, nikiwa chooni, Mungu anisamehe. Mwanzoni haipatikani. Halafu haipatikani. Halafu yule mama wa kwenye mitambo akawa kama ndugu, nikamzoea mpaka namwitikia. Kuna siku nilipiga ili nimsikie yeye tu. Najua kazi ya kupiga namba ile inavyomla mtu, kwa sababu nimeifanya, na bado sijastaafu.

Akiipata, atapiga. Isipopatikana, atapiga kesho. Ikipokelewa na mgeni, atamzika mumewe upya, peke yake, bila hata sisi wa kukaa naye. Ikipokelewa na Ambokile, basi siku hiyo hiyo anapoteza mume na shamba.

Mahakama imempa kakao. Hii nyingine sitaki airithi.

Nikamwambia mke wangu, mwambie nimeifuta, siku nyingi. Mke wangu alinitazama. Anajua nikidanganya, amenijua tangu ana meno yote. Na mimi nilijua kwamba si mkwe peke yake anayeiomba. Kuna mama mmoja amesimama mlangoni naye anaitaka, kwa ajili ya pumzi zile. Akageuka kupeleka jibu.

Alipotoka uani nikaitafuta ile nukta, nikaifuta kweli. Niliapa wiki mbili tu zilizopita kusema kweli tupu, nikaona si vizuri kulala na uongo mbichi hivyo. Sasa ni kweli. Imekuwa kweli kwa kuchelewa kidogo.

Ninyi mnaosoma, Mama Lugano hasomi humu, simu yake ni ile ya tochi. Msimpelekee.

Mke wangu amesharudi. Yuko jikoni, ametulia, hahemi tena. Mimi niko barazani na simu nyepesi mkononi, namba imetoka, hata nukta haipo.

Shida ni kwamba niliipiga mno. Simu imesahau. Mimi bado.